Nani Abebe Dawa Hadi Ruaha?

Mji mdogo wa Ruaha, kusini mwa Wilaya ya Kilosa, umekaa ukingoni. Mto Ruaha Mkuu, ambao umeupa jina, ndio mpaka wa wilaya; mkazi akivuka daraja yuko Kidatu, katika Wilaya ya Kilombero, kabla jasho halijamkauka. Lakini makao makuu ya halmashauri yake yako Kilosa mjini, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara inayopita Mikumi. Masika yakikolea na njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi ikageuka tope, gari hulazimika kuzunguka kwa Dumila na Morogoro, likakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa mwendo wa taratibu ambao twiga na nyati wameuwekea sheria, ndipo literemke kuelekea Kidodi na Ruaha. Kwa mfanyabiashara wa nguo, mzunguko huo ni gharama ya mafuta. Kwa zahanati iliyobakiza vichupa vitatu vya oksitosini, mzunguko huo hupimwa kwa kipimo kingine.

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache. Uniti 10 za oksitosini, zikichomwa msulini mara tu mtoto anapozaliwa, hupunguza sana hatari hiyo. Dawa hiyo si ya bei kubwa, imo katika miongozo, na kila mkunga anaijua. Kinachoamua iwapo itamfikia mama huyo si ujuzi wa mkunga peke yake. Ni nani aliyeibeba, kwa gari gani, katika joto gani, na kwa mkataba wa namna gani. Mambo haya kwa kawaida huachiwa wahasibu na maofisa ugavi, ilhali matokeo yake huonekana wodini.

Njia ambazo wafanyabiashara huchagua

Kampuni yoyote inayopeleka bidhaa mbali hukutana na swali hili hili, na majibu yake yamekwisha kuzoeleka. Inaweza kununua malori yake na kuajiri madereva wake. Inaweza kukodi mwenye gari kwa safari moja moja, ikalipa na kuachana naye. Inaweza kumkabidhi mkandarasi mmoja kazi yote ya ghala, ufungashaji na usafirishaji, mali ikibaki kuwa ya kampuni. Inaweza pia kuajiri mratibu asiyemiliki hata baiskeli, ambaye kazi yake ni kuwasimamia wabebaji wengine, kusoma takwimu zao na kuamua nani apite njia ipi. Halafu kuna mshitiri, yaani muuzaji mkuu aliyeteuliwa kwa zabuni, ambaye huuza kwa bei iliyokubaliwa na kuleta mzigo mwenyewe.

Katika vitabu vya biashara njia hizi hupangwa kama ngazi, kana kwamba anayepanda juu zaidi ndiye aliyeendelea zaidi. Mpangilio huo unapotosha. Swali la kumtenganisha mmoja na mwingine ni jepesi: lori likikwama kati ya Kilosa na Mikumi na dawa zikaharibika, hasara ni ya nani? Kwa mwenye malori yake, hasara ni yake. Kwa mshitiri, mali ni ya muuzaji mpaka ipokelewe na kusainiwa. Katikati ya hao wawili kuna kila aina ya utata, na utata huo ndio unaomfikia mgonjwa kwa maneno yanayojulikana nchi nzima: “Dawa hiyo imekwisha, mama, kanunue nje.”

Tanzania imekwisha kujaribu karibu zote

Katika miaka ya 1980, zahanati za vijijini zilipokea makasha ya dawa muhimu yaliyogharimiwa na Denmark na kuletwa kupitia UNICEF. Kasha lilikuwa lile lile, liwe linakwenda bonde lenye mbu tele au mlima wenye baridi. Halikuuliza kituo kinahitaji nini. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba lilifika. Kasoro yake ilikuwa kwamba baadhi ya dawa ziliisha mapema, na nyingine zikakaa hadi muda wake wa matumizi ukapita.

Sheria ya mwaka 1993 ilianzisha Bohari ya Dawa, MSD, iliyoanza kazi mwaka 1994. Taratibu vituo vikaanza kuagiza vyenyewe kulingana na matumizi yao. Hata hivyo, kwa miaka mingi mzigo uliishia wilayani. Kutoka hapo hadi zahanati ilikuwa ni jukumu la ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, na gari lake lilikuwa ndilo hilo hilo la chanjo, la usimamizi, la kubeba wagonjwa na, mara nyingine, la shughuli zisizoandikwa popote. Dawa zingeweza kuwapo Kilosa mjini kwa wiki kadhaa huku Vidunda, milimani juu ya Kidodi, wakiandika “hakuna”.

Kuanzia mwaka 2010 hivi MSD ilianza kuvuka wilaya na kupeleka mzigo hadi mlangoni mwa kituo. Wakati huo huo ilishirikiana na kampuni ya Coca-Cola katika mradi wa kujifunza jinsi ya kupanga njia na kukisia mahitaji. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba dawa zilipakiwa kwenye malori ya soda. Hazikupakiwa. Kilichoazimwa ni maarifa ya kupanga safari, nacho ni chombo kilichokuwa kimepungua kuliko malori. Baadaye mzunguko wa kupeleka dawa, uliokuwa wa kila miezi mitatu, ulifupishwa ukawa wa kila miezi miwili.

Njia ya mshitiri ilianzia Mkoa wa Dodoma mwaka 2014, kwa jina la Jazia, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Uswisi. Jina lenyewe linaeleza kazi yake: kujazia pengo. Kituo huagiza kwanza MSD. Kile ambacho MSD haina, huagizwa kwa muuzaji binafsi mmoja aliyeshinda zabuni ya mkoa, kwa bei zilizokwisha kuwekwa. Maombi ya vituo hukusanywa wilayani yakawa oda moja kubwa, na hapo ndipo nguvu ya kujadiliana bei inapopatikana. Malipo hutoka katika fedha za kituo chenyewe: michango ya wagonjwa, bima, mfuko wa afya ya jamii. Upatikanaji wa dawa za kipimo mkoani Dodoma ulipanda kutoka asilimia 69 mwaka 2014 hadi asilimia 94 mwaka 2018. Morogoro, mkoa wa Kilosa na Ruaha, ulikuwa miongoni mwa mikoa miwili iliyofuata, pamoja na Shinyanga, kabla mfumo haujasambazwa nchi nzima.

Ongezeko hilo lisisomwe kana kwamba sekta binafsi ina miujiza. Jazia ilikuja pamoja na usimamizi wa karibu, mafunzo, ukaguzi wa hesabu na, zaidi ya yote, fedha taslimu vituoni. Mshitiri asiyelipwa kwa wakati huacha kuleta, kama vile lori la serikali lisilo na mafuta linavyosimama.

Walichoona wenzetu

Mwaka 2009 na 2010 Zambia ilifanya jambo ambalo nchi chache huthubutu: ilijaribu njia mbili kwa wakati mmoja, kwa wilaya zilizogawanywa kwa kura, ikazilinganisha na wilaya zilizoachwa kama zilivyokuwa. Katika njia ya kwanza, wilaya iliongezewa mtaalamu wa kupanga bidhaa, lakini ghala la wilaya likaendelea kuweka akiba na kuigawa. Katika njia ya pili, ghala la wilaya lilikoma kuwa ghala. Kila kituo kilifungiwa sanduku lake huko Lusaka, likiwa na jina lake juu. Wilayani masanduku yalishushwa na kupakiwa upande wa pili, hayakufunguliwa. Njia ya pili ilishinda kwa mbali, hasa kwa dawa za malaria za watoto.

Somo hilo linastahili kutafakariwa na yeyote anayepanga zabuni ya usafirishaji. Mbebaji anaweza kuwa wa serikali au wa kampuni, tofauti isiwe kubwa. Kilichobadili mambo ni kuondoa kituo kimoja ambapo dawa husimama, hufunguliwa, huhesabiwa upya na hugawanywa kwa kukisia. Kila mahali mzigo unapofunguliwa, huwa na sababu ya kupungua.

Senegal ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2012, ikianzia Pikine karibu na Dakar, wasafirishaji binafsi walipewa kazi ya kuzungukia vituo na dawa za uzazi wa mpango ndani ya gari, kuhesabu wenyewe kilichobaki rafuni, na kujaza kilichopungua. Muuguzi hakuagiza tena. Kabla ya hapo vituo vya umma zaidi ya asilimia 80 vilikuwa vinaishiwa njia mojawapo au nyingine. Baadaye ikawa chini ya asilimia 2. Lakini fedha nyingi za kuwalipa wasafirishaji zilitoka kwa wafadhili, na swali la nani angelipa baada yao liliwakabili wenyeji mapema kuliko walivyotaka. Njia inayofanya kazi vizuri kwa fedha za mgeni bado haijathibitika kuwa yako.

Dawa tatu, safari tatu

Turudi Ruaha. Kosa la kawaida katika kuchagua mbebaji ni kuuliza ni njia ipi iliyo bora, kana kwamba dawa zote ni gunia moja la mahindi. Zahanati ya ukanda huu huhitaji angalau safari za aina tatu.

Dawa mseto ya malaria, ALu, hutumika kila siku, haihitaji jokofu, na mahitaji yake hupanda baada ya mvua, wakati ule ule barabara zinapoharibika. Ruaha inaongeza tabia ya pekee. Msimu wa kuvuna miwa unapofunguliwa baada ya masika, wakata miwa huja kutoka mikoa mingine, na idadi ya wanaotibiwa haifanani tena na idadi ya watu iliyo katika daftari la kata. Fomula ya kuagiza hutazama nyuma: huchukua wastani wa matumizi ya miezi iliyopita. Oda iliyoandikwa kabla ya wageni hao kufika haiwaoni. Dawa ya namna hii inafaa mno kusafiri na lori kubwa la MSD, kwa gharama ndogo kwa kila dozi, mradi mganga mfawidhi aeleze mapema kwamba msimu unakuja, na Jazia iwepo kuziba pengo.

Oksitosini ni habari nyingine. Inatakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na ikikosa baridi hupoteza nguvu bila kubadilika rangi. Mkunga anayeichoma haoni tofauti. Anaona damu tu. Kwa hiyo lori lile lile linalofaa kwa ALu linaweza kuwa hatari kwa oksitosini ikiwa boksi la baridi lilifunguliwa Mikumi kwa nusu saa ya kushusha mzigo mwingine. Ni busara zaidi oksitosini isafiri na chanjo, ambazo tayari zina mnyororo wake wa baridi na watu waliozoea kusoma kipimajoto. Shirika la Afya Duniani limekubali tangu 2018 matumizi ya kabetosini isiyoharibiwa na joto, kwa ajili ya kuzuia kutokwa na damu baada ya kujifungua. Haitumiki kutibu damu iliyokwisha kuanza kutoka. Mahali ambapo baridi haiaminiki, dawa hiyo hubadili hesabu yote ya usafirishaji, kwa sababu inaweza kupanda lori la kawaida. Mara nyingine jibu la tatizo la lori ni kubadili dawa.

Ya tatu ni dawa ya sumu ya nyoka. Mashamba ya miwa na pembezoni mwa hifadhi ni makazi ya nyoka, na mkata miwa huingiza mkono pale jicho halifiki. Dawa hii ni ghali, huhitajika kwa nadra, na kuiweka katika kila zahanati ni kuandaa mazishi ya vichupa vilivyopitwa na muda. Akiba ndogo katika hospitali moja au mbili, pamoja na makubaliano ya kudumu na mwenye gari atakayeitwa saa nane usiku, humfaa mgonjwa kuliko rafu 20 zisizo na kitu. Hapa kukodi kwa safari moja moja, njia inayodharauliwa na vitabu, ndiyo inayofaa. Anayelipwa hapa hulipwa kwa kuwa tayari, hata miezi ambayo haitwi.

Na ndege zisizo na rubani? Mwaka 2018 kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na shirika la Ujerumani GIZ zilijaribu kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya ziwa, kwa wastani wa dakika 40. Mzigo wake ulikuwa wa kilo chache. Kwa kichupa cha dharura ni jambo la kutazamwa kwa heshima; kwa katoni za ALu na maji ya dripu, lori bado halijapata mshindani.

Anayechelewa na asiyetabirika

Tuseme zahanati ya mfano hutumia dozi 100 za ALu kwa mwezi, na wabebaji wawili wameomba kazi. Wa kwanza huchukua siku 20 kufikisha mzigo, kila mara. Wa pili huchukua siku 10, ila katika safari tano moja humchukua siku 50. Wastani wa wa pili ni siku 18. Katika taarifa ya tathmini yeye ndiye mwenye kasi zaidi, na yamkini ndiye atakayepewa zabuni. Lakini mganga mfawidhi asiyetaka kuishiwa atahitaji akiba ya dozi 67 hivi kwa mbebaji wa kwanza, na dozi 167 kwa wa pili. Dozi 100 za ziada zimelala rafuni, zimefunga fedha za kituo, zinazeeka. Mbebaji mwepesi asiyetabirika ni ghali kuliko mzito anayeaminika, ila gharama yake haionekani katika bei aliyoandika. Kamati za zabuni hazina budi kudai orodha ya siku za kufika za kila safari. Wastani pekee usikubaliwe.

Hesabu nyingine haiwezi kukabidhiwa mtu yeyote wa nje. Zahanati iliyotumia dozi 60 kwa siku 20, kisha ikakaa siku 10 bila dawa, haikutumia 60 kwa mwezi. Mahitaji yake halisi ni 90. Ikiandika 60 katika ripoti na maombi, itapelekewa kwa kadiri ya 60, itaishiwa tena, na mwezi ujao itaandika pungufu zaidi. Upungufu wa namna hii huonekana kama kosa la msafirishaji, kumbe umezaliwa mezani pa kituo. Hakuna mkataba wenye uwezo wa kuutibu.

Maneno ya mkataba

Wilaya inayotaka kuwapa watu binafsi kipande cha mwisho cha safari, tuseme kutoka Mikumi hadi Ruaha, Kidodi na Vidunda, itafanya vyema kulipa kwa sanduku lililofika likiwa zima na kwa wakati, na isilipe kwa kilomita. Anayelipwa kwa kilomita hufurahia mizunguko. Masanduku yafungwe kwa jina la kila kituo kabla hayajaondoka bohari, yasifunguliwe njiani. Kwa mizigo ya baridi, kifaa cha kurekodi joto kisafiri na mzigo, na usomaji wake uwe sehemu ya hati ya malipo. Iandikwe waziwazi nani anabeba hasara barabara ikikatika. Kilosa si mahali pa kuchukulia mvua kama ajali isiyotazamiwa: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibomoa hata reli ya kati. Gari likirudi lisirudi tupu, lichukue dawa zilizopitwa na muda zinazosubiri kuteketezwa kwa utaratibu.

Na takwimu za safari zibaki mali ya halmashauri. Mkandarasi anayeondoka na daftari lake la njia, tarehe na idadi huiacha wilaya ikianza upya, na zabuni inayofuata atashinda yeye kwa sababu ndiye pekee anayejua.

Upande wa pili wa mkataba husahaulika zaidi. Mwenye gari dogo wa Mikumi hana mtaji wa kusubiri malipo miezi sita. Akicheleweshwa, atapeleka kwanza abiria na mchele, kisha dawa. Halmashauri isiyokuwa na uhakika wa kulipa kwa wakati ni afadhali ikae na lori la MSD, hata kama ni zito.

Mlangoni

Mzigo ukifika, kazi hugeuka kuwa ya watu wa kituo. Dereva huwa na haraka. Ana vituo vingine mbele na jua linatua. Hata hivyo mganga mfawidhi au muuguzi wa zamu ana haki, na wajibu, wa kuhesabu mbele yake pamoja na wajumbe wa kamati ya kituo, ambao ndio macho ya wanakijiji. Huangaliwa idadi dhidi ya hati, tarehe za mwisho wa matumizi, alama ya joto kwenye vichupa vya chanjo, na hali ya boksi la baridi. Tofauti yoyote huandikwa kwenye hati kabla ya saini, kwa sababu baada ya saini pengo ni la kituo.

Mgonjwa naye anaweza kuuliza. Akiambiwa dawa imekwisha, swali la heshima linatosha: “Samahani dada, imeagizwa lini, na inatarajiwa lini?” Kituo chenye mfumo unaofanya kazi kitakuwa na tarehe mbili za kumtajia. Kisipokuwa nazo, mjumbe wa kamati anayeishi jirani ndiye wa kuelezwa, kabla ya oda ya miezi miwili ijayo kufungwa.